Maji Machafu Yaende Wapi: Historia ya Kupiga Deki

Mtoto aliyesoma shule ya bweni Tanzania hulijua neno deki kabla hajawahi kupanda meli. Jumamosi asubuhi vitanda vinasogezwa, maji ya sabuni yanamwagwa sakafuni, mafagio ya chelewa yanasugua kutoka ukutani hadi mlangoni, na wa mwisho anayasukuma maji nje kwa mpira. Nairobi wengi watakwambia wanapanguza, lakini kazi ni ileile. Neno lenyewe ni la baharini. Deki ni sakafu ya meli, na Kiswahili kililipokea kutoka kwa Kiingereza cha mabaharia.

Siku hizi madukani kuna mashine ya umeme ya kupigia deki. Ina mpini mrefu, rola inayozunguka kwa kasi na matangi mawili, moja la maji safi na jingine la maji machafu. Anayeitazama huuliza ina faida gani kuliko dekio na ndoo alivyonavyo nyumbani. Ili kulijibu swali hilo inabidi turudi nyuma karne mbili na zaidi, maana mashine ile ni jibu la malalamiko ya siku nyingi. Watu walilalamikia maji machafu yanayobaki sakafuni, na walilalamikia magoti na migongo ya wale wanaosugua.

Mawe ya mabaharia

Katika karne ya 18 na ya 19, siku kwenye manowari za Uingereza ilianza kwa kusafisha deki. Maji ya bahari yalimwagwa, mchanga ukatawanywa, kisha mabaharia walipiga magoti kwa safu, suruali zimekunjwa, wakasugua mbao kwa vipande vya jiwe la mchanga mpaka zikawa nyeupe. Mawe makubwa waliyaita biblia. Madogo, ya kuingia kwenye pembe, waliyaita vitabu vya sala. Inasemekana majina hayo yalitokana na mkao wa kazi yenyewe, wa mtu aliyepiga magoti.

Deki ya juu ilikauka kwa jua na upepo, ila za chini, walikolala mamia ya watu wamebanana, zilibaki na unyevu. Madaktari wa meli walilalamika kwamba unyevu ule unawaletea mabaharia maradhi, na baadhi ya manahodha wakaamuru deki za ndani zisuguliwe kwa mchanga mkavu. Malalamiko hayo yana uzito katika historia hii. Ni dalili ya mapema kwamba watu walitambua kuwa kumwaga maji na kusugua ni nusu tu ya kazi, na nusu ya pili ni kuyaondoa. Mawe yenyewe yaliendelea kutumika muda mrefu. Jeshi la majini la Marekani liliagiza yaachwe mwaka 1931, kwa sababu yalikuwa yanazila mbao za deki.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na sakafu yake. Katika majumba ya mawe ya Lamu, Mombasa na Unguja, boriti zilipangwa, juu yake zikawekwa kokoto za matumbawe na chokaa, na watu wakaishindilia chokaa ile kwa fimbo za mti siku baada ya siku, kwa mapigo ya pamoja na nyimbo, mpaka ikakaza. Neno sakafu limetoka kwenye Kiarabu, ambako asili yake ni dari au paa. Ni jambo la kueleweka kwa nyumba za ghorofa, kwani dari ya aliye chini ndiyo sakafu ya aliye juu. Sakafu ya namna hiyo ilifagiliwa na kufutwa kwa tambara; kuimwagia maji mengi kungemnyeshea jirani wa chini.

Mwaka 1872 meli za barua za kampuni ya British India zilianza safari za kawaida kati ya Aden na Zanzibar, na katika miaka hiyohiyo ya 1870 manowari kuukuu HMS London ilitia nanga bandarini Unguja kama kituo cha doria dhidi ya biashara ya watumwa. Watu wa pwani walifanya kazi ndani ya meli za namna hiyo na pembeni mwake, na msamiati wa meli ukashuka nchi kavu pamoja nao.

1854–1860: sakafu ya hospitali

Florence Nightingale alifika hospitali ya kijeshi ya Scutari, ng'ambo ya Istanbul, Novemba 1854. Alikuta uchafu uliokithiri, na brashi za kusugulia zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza alivyovidai. Lakini alipoandika kitabu chake cha uuguzi, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1859, hakusema tu kwamba sakafu zioshwe. Alizilaumu sakafu za mbao za Uingereza kwa kufyonza maji pamoja na uchafu wake. Sakafu pekee aliyoihesabu kuwa safi kweli ni ile ya Berlin, iliyopakwa vanishi, ambayo kila asubuhi ilipanguzwa kwa kitambaa cha maji kisha kwa kitambaa kikavu.

Kwanza maji, halafu ukavu, juu ya sakafu isiyofyonza kitu. Mashine ya leo inafuata utaratibu huohuo kwa mpigo mmoja.

Sakafu zilianza kubadilika. Miaka ya 1860 Mwingereza Frederick Walton alipata hataza ya linoliamu, zulia gumu lililotengenezwa kwa mafuta ya kitani yaliyogandishwa kwa hewa. Baadaye vigae, terazo na saruji laini vilienea kwenye hospitali, shule na stesheni. Sakafu laini inaonyesha kila doa, na inataka kufutwa kila siku. Kazi ya sakafu iliongezeka badala ya kupungua, na mzigo ukawaangukia wafanyakazi wa ndani. Madaktari wa Uingereza waliuona uvimbe mbele ya goti kwa wanawake hao mara nyingi kiasi kwamba ugonjwa wenyewe ulikuja kuitwa goti la kijakazi.

1837–1893: tambara lapata mpini

Dekio ni jambo la zamani sana. Mtu kufunga matambara kwenye mti akafutia sakafu hakuhitaji kiwanda. Kilichokuja na karne ya 19 ni kulishika tambara vizuri. Mwaka 1837 Mmarekani Jacob Howe alisajili hataza ya kishikio cha dekio. Tarehe 13 Juni 1893, Thomas W. Stewart, Mmarekani Mweusi wa Kalamazoo, Michigan, akapata hataza ya kibanio chenye wenzo, ambacho kililishika tambara kwa nguvu na kuliachia lilipotakiwa kutolewa na kufuliwa.

Mpini ulimwinua mtu kutoka magotini. Hayo ni mapinduzi makubwa na hayapewi heshima yanayostahili. Lakini uliacha tatizo moja, na kila aliyewahi kushika dekio analijua. Unachovya kwenye ndoo ya maji safi, unafuta sehemu ya kwanza, unarudisha dekio ndani ya ndoo, unakamua, unafuta sehemu ya pili. Baada ya chumba kimoja maji yamepoteza rangi. Baada ya vyumba vitatu unachukua uchafu wa sebule unaupeleka chumba cha kulala, ukiwa umechanganywa na sabuni yenye harufu nzuri. Sakafu inang'aa ikiwa mbichi, na ikikauka inaonyesha mistari ya kijivu.

1901–1950: umeme waja, ila kwa vumbi na nta

Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth alitazama London maonyesho ya mashine iliyopuliza hewa ili kutimua vumbi. Vumbi lilitimka, kisha likatua palepale. Booth akafikiri kwamba hewa ingevuta badala ya kupuliza. Akiwa mgahawani aliweka leso juu ya kiti, akaibana kwa midomo na kuvuta pumzi. Alipoigeuza, leso ilikuwa na duara la vumbi upande wa chini. Mashine aliyoitengeneza ilikuwa kubwa kiasi cha kukokotwa na farasi. Ilisimama barabarani na mipira yake ikapenyezwa madirishani. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa mfalme Edward VII.

Aliyeipeleka mashine hiyo mkononi mwa mtu mmoja alikuwa mfagiaji. James Murray Spangler alifagia duka kubwa mjini Canton, Ohio, na alikuwa na pumu. Kila alipofagia mazulia, vumbi lilimbana kifua. Mwaka 1907 alichukua mota ya feni, foronya ya mto na mpini wa fagio, akaviunganisha. Hataza ilitoka mwaka 1908, na haki zikanunuliwa na William Henry Hoover, aliyekuwa akitengeneza bidhaa za ngozi. Nataka msomaji amkumbuke Spangler kuliko Hoover. Chombo hiki kilibuniwa na mtu aliyeumizwa na kazi yenyewe, kwa vitu alivyovipata karibu.

Kwenye sakafu ngumu, umeme ulianza kwa kung'arisha. Samuel Curtis Johnson wa Racine, Wisconsin, aliingia mwaka 1886 kwenye biashara ya sakafu za vipande vya mbao. Wateja wakawa wanamuuliza namna ya kuzitunza, akaanza kuwatengenezea nta, na nta ikaja kuuzika kuliko sakafu. Nta inahitaji kusuguliwa mpaka ing'ae, na kusugua nta kwa mkono ni mateso. Hivyo ikaja mashine ya sahani moja, yenye mota juu na brashi ya duara chini, ikizunguka kama mara 175 kwa dakika. Bado ipo katika majengo mengi. Anayeanza kuitumia huipeleka ukutani bila kutaka, kwa sababu haisukumwi kama toroli. Ukiinua mpini kidogo inakwenda upande mmoja, ukiushusha inakwenda upande wa pili. Fundi wake huiongoza kwa kiuno na viganja, taratibu, huku akirudi nyuma.

Mashine hiyo husugua vizuri sana. Hata hivyo maji machafu huyaacha chini, na nyuma yake lazima aje mtu mwenye dekio.

Zaragoza, 1956

Hapo katikati kuna kisa cha Hispania. Hadi miaka ya 1950 wanawake wa Hispania walikuwa wakisugua sakafu kwa magoti, na brashi mkononi. Manuel Jalón Corominas, mhandisi wa ndege katika jeshi la anga, alikuwa amepelekwa Marekani kwa masomo ya kazi, na huko aliona mafundi wakisafisha mahanga ya ndege wakiwa wamesimama, kwa dekio na ndoo yenye rola za kukamulia. Aliporudi Zaragoza alitengeneza ndoo ya bati yenye rola, mwaka 1956. Ndoo za kwanza zilikuwa nzito na ghali. Baadaye ikaja ndoo ya plastiki yenye kikamulio cha umbo la koni chenye matundu, ambamo unalishindilia dekio na maji yanachuruzika, mikono yako haijagusa uchafu.

Chombo kiliuzwa kwa mamilioni na kikaitwa fregona. Zamani neno hilo lilikuwa jina la kijakazi wa kusugua. Leo Mhispania akilisikia huwaza kwanza ufito na ndoo. Kuna waliobishana kuhusu nani hasa mwenye haki ya uvumbuzi huo, maana vitu vyake vyote vilikuwapo mahali fulani kabla yake. Mimi naona ubishi huo unapita pembeni. Jalón aliona chombo cha mahanga kinaweza kuingia jikoni, akakifanyia bei ya jikoni, na kizazi kizima cha wanawake kikasimama.

Matangi mawili

Baada ya Vita Kuu ya Pili majengo yaliongezeka ukubwa: viwanja vya ndege, maghala, maduka makubwa, hospitali zenye korido zisizoisha. Mishahara ya wafagiaji Ulaya na Marekani nayo ikapanda. Sababu hizo mbili ndizo zilizowasukuma watengenezaji. Tennant ya Minneapolis, iliyoanza mwaka 1870 kwenye biashara ya mbao, iligeukia mashine za sakafu. Nilfisk ya Denmark, iliyoanzishwa mwaka 1906, na Kärcher ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1935, nazo zikawa majina makubwa ya kazi hiyo.

Walichokifanya ni kuunganisha brashi ya sahani moja na uvutaji wa Booth. Mbele, maji safi yenye dawa yanashuka kutoka tangi la kwanza na brashi zinasugua. Nyuma, mpira mpana wenye umbo la upinde unayakusanya maji na mota ya kuvuta inayapandisha kwenye tangi la pili. Maji yaliyogusa sakafu hayarudi tena sakafuni.

Simama kwenye korido ya hospitali mashine hiyo inapopita. Mbele yake sakafu ni kavu na ina alama za viatu. Chini yake kuna povu. Nyuma yake, hatua moja tu, sakafu imekauka tena na mgonjwa mwenye magongo anaweza kupita bila kuteleza. Kisha subiri tangi la nyuma lifunguliwe. Maji yanayotoka ni ya rangi ya chai kavu, yana nywele, mchanga na vipande vya karatasi. Uchafu huo, kwa dekio na ndoo moja, sehemu yake ingebaki chini.

1990–2002: dekio lajirekebisha

Dekio halikukaa kimya. Mwaka 1990 Joy Mangano wa New York alitoa dekio la nyuzi za pamba linalojikamua kwa kuzungushwa mpini, na likauzwa sana kupitia televisheni. Mwaka 1999 Procter & Gamble walitoa Swiffer, baada ya wabunifu kukaa majikoni mwa watu wakiwatazama wakifanya usafi. Waliona kwamba watu hutumia muda mwingi kulisafisha dekio lenyewe. Jibu lao lilikuwa kitambaa cha kutupwa. Kwa kampuni ilikuwa biashara nzuri, maana mteja hununua tena na tena. Kwa jalala ni hasara.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitoka kwenye uzi. Maikrofaiba ni nyuzi za sintetiki zenye unene wa takriban moja ya kumi na sita ya unywele wa binadamu, na huunasa uchafu kwa maji kidogo sana. Mwaka 2002 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilichapisha taarifa kuhusu hospitali ya Chuo Kikuu cha California, Davis. Kwa madekio ya zamani, wafanyakazi walilazimika kubadilisha maji ya dawa kila baada ya vyumba viwili au vitatu. Kwa maikrofaiba walitumia kitambaa kipya kila chumba, bila kurudisha kilichotumika ndani ya maji, na matumizi ya maji na dawa yakashuka kwa asilimia 95. Hakukuwa na mota wala betri. Kanuni ilikuwa ileile ya matangi mawili: kilichochafuka kisirudi kwenye kisafi.

2005–2024: mashine yaingia nyumbani

Mwaka 2005 kampuni ya iRobot ilitoa Scooba, roboti ya kuosha sakafu. Mashine za mpini zilishika soko zaidi. Mwaka 2016 zilitoka FC 5 ya Kärcher na CrossWave ya Bissell, kampuni ya Grand Rapids, Michigan, iliyotoa kifagio cha mazulia tangu mwaka 1876. Kutoka Suzhou, China, ikaja Tineco na mashine zake za betri. Mwaka 2024 Dyson, kampuni iliyojulikana kwa uvutaji wa hewa, ilitoa mashine ya deki isiyovuta hewa kabisa. Rola zake hukwanguliwa, na maji machafu huenda kwenye tangi lake.

Sasa tunaweza kulinganisha kwa haki. Kwa vigae na linoliamu, mashine ya nyumbani inashinda dekio na ndoo moja, kwa sababu inafuta kwa maji safi kuanzia mlangoni hadi mwisho, na inaacha sakafu karibu kavu. Lakini inadai matunzo. Tangi la maji machafu lisipomwagwa siku hiyohiyo linanuka, na rola isiyoanikwa inaota ukungu. Umeme ukikatika siku mbili, betri imekwisha. Kwenye saruji iliyokwaruzwa rola inalika, na kwenye pembe na nyuma ya choo mkono wenye tambara bado ndio unaofika.

Sakafu zetu zenyewe zinabadilika haraka. Katika miaka ya 2010 viwanda vya vigae vilifunguliwa Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani, na Kajiado nchini Kenya. Nyumba ambazo miaka ishirini iliyopita zingeishia kwenye saruji nyekundu ya nta sasa zinawekwa vigae. Ni sakafu ambazo mashine inaziweza. Hata hivyo kwa nyumba ya vyumba vitatu nashauri kwanza maikrofaiba na ndoo mbili, moja ya dawa, nyingine ya kusuzia, na maji ya kusuzia yabadilishwe yanapochafuka. Matokeo yatakaribia ya mashine, na fedha inayobaki ni nyingi.

Mashine kubwa ya matangi mawili ina mahali pake, napo ni hospitali, stendi na shule zenye kumbi ndefu. Katika majengo mengi ya namna hiyo kwetu, mama mmoja bado anasukuma dekio zito la pamba kutoka wodi hadi wodi na ndoo moja, kabla jua halijachomoza. Ninyi mnaosaini manunuzi ya majengo hayo, kabla ya bajeti ijayo nendeni mkamtazame akifanya kazi, mwangalie maji yaliyomo ndani ya ndoo yake akifika wodi ya tatu, kisha mumuulize yeye anahitaji nini.